Kovu la mateso lipimwe mapema

Fittja, kusini mwa Stockholm, ni mtaa wa maghorofa uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika manispaa ya Botkyrka ambako zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya nje ya Sweden. Katika mitaa ya namna hii wamo waliokimbia vita, na wamo waliokimbia polisi wa nchi zao. Hawa wa pili huzungumzwa kama watu wa kuonewa huruma, basi. Huruma ni njema, lakini haitoshi. Aliyeteswa rumande ni mgonjwa na ni shahidi pia. Mara nyingi mwili wake na kumbukumbu yake ndio ushahidi pekee uliobaki, kwa kuwa aliyemtesa ndiye mwenye kalamu, daftari la kituo na funguo za mahabusu. Kumtibu, na kuyaandika majeraha yake kitaalamu, ni sehemu ya kuukomesha utesaji wenyewe. Serikali nyingi huzitenganisha kazi hizi mbili, na hapo ndipo watesaji wanapopata mwanya.

Sweden iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji mwaka 1986, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza, na Msalaba Mwekundu wa Sweden umekuwa na kituo cha kuwatibu walioteswa jijini Stockholm tangu miaka ya 1980. Hata hivyo, mwaka 1996 Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji ililazimika kuizuia Sweden isimrudishe Zaire mwanamke aliyekataliwa hifadhi kwa sababu maelezo yake yalibadilika. Kamati ilisema kwamba ni nadra kutarajia usahihi kamili kutoka kwa mtu aliyeteswa. Mwaka 2001, katika uwanja wa ndege wa Bromma, Sweden iliwakabidhi Wamisri wawili kwa maofisa wa Marekani waliowasafirisha hadi Misri, ikiegemea ahadi ya Cairo kwamba hawataguswa. Waliteswa. Kamati hiyo ikaikuta Sweden imekiuka mkataba mwaka 2005, na fidia ikalipwa mwaka 2008. Nchi yenye wataalamu wa kutambua makovu iliamini neno la serikali inayojulikana kwa kuyatia.

Pingamizi husikika hata barazani kwa Waswahili wa ughaibuni: wapo wanaobuni mateso ili wapate karatasi. Sikatai, wapo. Lakini dawa ya uongo ni uchunguzi, na aliyeteswa kweli ndiye anayeuhitaji kuliko yeyote. Machi 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Mwirani aliyewaonyesha maofisa wa Sweden cheti cha daktari kuhusu makovu yake. Walikiweka kando kwa kuwa hakikuandikwa na mtaalamu wa majeraha ya mateso. Mahakama ikasema kwamba baada ya kuonyeshwa dalili ile, ulikuwa wajibu wa maofisa wenyewe kumtafuta mtaalamu. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, inamtaka daktari aseme ni kwa kiasi gani jeraha linalingana na maelezo. Kwa hiyo inaweza kumuumbua mwongo, na inaweza kumsimamisha mkweli ambaye akili yake, kwa yale yaliyompata, haipangi tena siku na saa kwa utaratibu.

Kwetu mlango huu wa ushahidi umefungwa mapema zaidi. Tanzania, kwa kawaida, mwenye majeraha ya kupigwa hutakiwa kufika hospitali na fomu ya PF3, na fomu hiyo hutolewa na polisi. Aliyepigwa na polisi anamwomba nani? Miezi au miaka baadaye anasimama mahakamani kuyakana maelezo yake ya onyo yaliyoandikwa polisi, inafunguliwa kesi ndogo ndani ya kesi, naye hana karatasi ya daktari. Sheria ya Ushahidi inataka ungamo liwe la hiari, kisha sheria hiyohiyo inaruhusu lipokewe hata kama palikuwa na tishio, ikiwa mahakama haioni kwamba tishio lile lingeweza kuzaa ungamo la uongo. Sasa tazama daktari huru anavyobadili mambo. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifia Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, na polisi wakasema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko mwilini, na simulizi ya ukuta ikaanguka ndani ya siku chache. Inauma kwamba ukweli ulipatikana akiwa amekwisha kufa.

Wengine husema jambazi haungami kwa kubembelezwa. Kipigo kilijaribiwa Mwanza na Shinyanga mwaka 1976, katika msako wa waliodhaniwa kuhusika na mauaji ya vikongwe. Watuhumiwa wakateswa, baadhi wakafa mikononi mwa dola, na Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Mauaji ya vikongwe katika Kanda ya Ziwa yaliendelea kwa miongo. Kipigo huleta jina la kuandika kwenye jalada, na jina hilo likiwa la asiyehusika, muuaji hubaki mtaani.

Kwa walioko Fittja, daktari wa kituo cha afya anayeona kovu aulize lilivyopatikana, tena kwa mkalimani asiyefahamiana na familia ya mgonjwa, maana aibu mbele ya watu wa nyumbani hufunga midomo mingi. Jibu liandikwe, na mgonjwa apelekwe kwa wataalamu bila kungoja uamuzi wa hifadhi. Kwetu Afrika Mashariki, Uganda iliridhia mkataba ule dhidi ya utesaji mwaka 1986 na Kenya mwaka 1997; Tanzania bado. Bunge la Dodoma linaweza kuanza hata kabla ya kuridhia, kwa kuandika katika sheria kwamba anayedai kuumizwa na polisi apokewe na kuchunguzwa hospitali yoyote ya serikali bila PF3, na ripoti ya daktari iende kwa hakimu bila kupitia kituoni.