Kabla ya sebule, nionyesheni pa kufulia

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha familia, Shinyanga mjini, kupanga ukarabati wa nyumba ya wazazi. Jipsamu ya sebuleni tuliijadili saa nzima. Kaka alitaka choo ndani ya chumba chake, shemeji akataka kabati la ukutani. Nilipouliza nguo zitafuliwa wapi, kimya. Aliyenijibu ni fundi: "Dada, hilo dogo. Watafulia hapo nyuma."

Hapo nyuma. Ninyi wasomaji mnajua kupima maneno. Hebu yapimeni hayo mawili. Maana yake ni juu ya mfuniko wa shimo la choo, jua la saa saba utosini, mgongo umepinda, beseni juu ya tofali. Na wanaofulia hapo ni mama, miaka sitini na ushee, pamoja na binti wa kazi. Sisi tuliokaa kuchagua jipsamu hatufui.

Nasema wazi: ramani isiyoonyesha pa kufulia haijakamilika, na aliyeichora ameshaamua nani asihesabiwe humo ndani. Nisiambiwe haya ni mambo ya kina mama, hayahusu fasihi. Riwaya zetu nyingi zina ugonjwa huohuo: wageni hukaribishwa sebuleni, wapenzi hugombana chumbani, lakini mashati yao hujifua yenyewe.

Maji je? Mradi wa Ziwa Victoria ulipozinduliwa 2009 tulishangilia, na haki yetu. Maji yanatoka Ihelele, yanavuka wilaya hadi mjini, halafu hatua ishirini za mwisho mama anazimaliza na ndoo kichwani! Hiyo si kazi ya serikali. Ni kazi ya bomba moja na fundi mmoja.

Kwetu jambo hili lina uzito mwingine. Mdogo wangu anachenjua dhahabu mialoni Geita. Akija nyumbani, nguo zake za kazi huingia beseni moja na sare za watoto. Wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Zebaki hupaa kama mvuke na kutua kwenye nguo na nywele. Sumu hiyo hushambulia mishipa ya fahamu na figo, na walio hatarini zaidi ni watoto, hata walio tumboni. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania iliuridhia 2020, unataka zebaki isichomwe kwenye makazi ya watu. Safi sana. Lakini shati linapanda basi na kuja hadi uani, na mkataba haukai uani kulinda beseni.

Shemeji akasema tununue mashine, yaishe. Mashine inataka bomba, plagi na njia ya kutolea maji. Yaani inataka pa kufulia. Tungeiweka wapi, juu ya mfuniko wa choo?

Kikao cha pili nilikuja na hesabu. Pesa ya jipsamu inatosha paa dogo la bati, karo lililoinuliwa hadi kiunoni, sakafu yenye mteremko na mfereji wa kupeleka maji kwenye shimo lake, mbali na bustani ya mchicha. Kamba ya kuanikia iwe juani. Nguo za mwaloni ziwe na beseni lake, zifuliwe peke yake, mikono ikiwa na glovu. Bora zaidi, dogo avue hukohuko, asije nazo.

Kisha tukamwuliza mama, kwa mara ya kwanza, yeye angependa wapi. Hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha kidole kwenye mwarobaini, kando ya mlango wa jikoni: kuna kivuli, na wajukuu anawaona. Jibu alikuwa nalo miaka yote.

Kaka bado amenuna. Akanune sebuleni. Fundi nimemwambia aanze na karo.