Anza sasa, jiko la makaa halijui haraka ya Krismasi

Kama unasoma hii ukiwa kwenye matatu ya 46, foleni imekataa kusonga na konda anadai nauli yake, hizo dakika tano nipatie mimi. Nataka tuongee kuhusu Krismasi. Najua utaniambia bado mapema, ndiyo tu Novemba inaingia. Hapo ndipo shida yetu inapoanzia.

Tazama vile sisi vijana wa Riruta, Satellite, Kawangware na Kibera hufanya kila mwaka. Desemba 1 tunasema bado. Desemba 12, Jamhuri Dei, tunasema wiki ijayo. Kufikia Desemba 22 kila mtu amekumbuka kwa wakati mmoja kwamba kuna mama ushago, kuna shosho, kuna wadogo wetu wanaongoja kitu kwenye mfuko. Nauli ya kwenda Magharibi au Nyanza imepanda, mara nyingine maradufu. Keki dukani ni ghali na imekaa kwenye rafu siku kadhaa. Basi mtu anachukua mkopo kwa simu, ananunua zawadi ya harakaharaka, anapanda basi. Januari shule zinafunguliwa, landilodi anabisha, mkopo unadai na riba yake. Tunaiita Njaanuari na tunacheka, lakini wengi wetu tumejipikia wenyewe hiyo njaa mwezi wa Desemba.

Msimamo wangu ni huu: kama unapanga kuoka au kutengeneza kitu kwa mikono yako msimu huu, iwe ni ya kuuza au ya kupeleka nyumbani, anza wiki hii. Na kama hukuwa umepanga, panga. Sisemi haya kwa sababu mambo ya kuoka yanapendeza kwenye Instagram. Nasema kwa sababu ya hesabu.

Kuna wale watanijibu kwamba kuoka ni mambo ya watu wa Lavington wenye oveni. Ebu tembea Kabiria au Congo jioni. Kuna watu wanaoka kwa sufuria mbili na jiko la makaa, na keki inatoka safi. Unaweka mchanga au vijiwe chini ya sufuria kubwa, unaipasha moto, unaingiza sufuria ndogo yenye mchanganyiko wako, unafunika, kisha unatandaza makaa machache juu ya kifuniko. Moto wa chini unainua keki, wa juu unaipa rangi. Mama zetu wamefanya hivyo kabla hata wewe na mimi hatujazaliwa. Kwa hivyo oveni si kisingizio.

Lakini jiko la makaa lina tabia moja: halikubali kuharakishwa. Chukua biskuti za kawaida. Nusu kilo ya unga wa ngano, robo kilo ya majarini, gramu 200 za sukari, mayai mawili, vijiko viwili vidogo vya hamira ya poda na iliki kidogo. Hapo unapata biskuti 50 hivi. Kwenye sufuria yetu ile zinaingia labda 12 kwa awamu moja, na kila awamu inataka kama dakika 20. Ukijumlisha kupanga, kutoa na kuongeza makaa, biskuti 50 zimekula saa mbili. Sasa fikiria watu kumi wamekuagizia, kila mmoja anataka 50. Hizo ni saa 20 mbele ya jiko. Huwezi kuzitoa Desemba 23, hata ukinywa chai ya rangi usiku kucha. Mwenye oveni kubwa anaweza kuchelewa, lakini wewe na mimi hatuna ruhusa hiyo.

Swali linalofuata ni la haki: nikioka Novemba, si vitaharibika? Nyumba yangu haina friji. Ndiyo maana usipange kazi yako kwa kile unachopenda kwanza. Panga kwa kuangalia kipi kinaoza lini.

Vitu visivyooza kabisa vinaanza sasa: mapambo, kadi, herini, vikapu, vitambaa vya kroshia. Katikati ya Novemba njoo kwenye keki ya matunda. Ile iliyojaa zabibu kavu na matunda makavu yaliyolowekwa kwenye ramu au brandi, ukiifunga vizuri kwa karatasi na foili na kuiweka kwenye mkebe usiopitisha hewa, hukaa wiki kadhaa na ladha yake inazidi kuiva. Kama kwenu pombe haiingii, loweka kwa maji ya machungwa au chai nzito usiku mmoja, lakini hiyo usiioke mapema hivyo. Ingoje Desemba ikiwa imesonga. Biskuti kavu zisizo na krimu, pamoja na kashata za njugu, hukaa wiki mbili hivi kwenye mkebe mkavu uliofungwa, kwa hivyo zianze karibu na Jamhuri Dei. Keki laini ya kawaida ni ya siku mbili tatu. Mandazi na chapati ni za siku yenyewe, usijidanganye.

Ukipanga hivyo utaona kwamba kazi ya wiki nane haisongamani tena kwenye siku tatu za mwisho. Na ukiharibu keki ya kwanza, iliyoungua chini na kubaki mbichi katikati, umeiharibu Novemba na unaila na chai. Ukiiharibu Desemba 24, umeharibu pesa ya mteja.

Hakuna jipya ninalosema hapa. Ukienda Pwani, akina mama wa Mombasa na Lamu hawangoji mwezi wa Idd uandame ndipo watafute unga. Siku za mwisho za Ramadhani tayari visheti na biskuti ziko kwenye mikebe, na kule Zanzibar kuna vileja vya unga wa mchele na samli. Wanaanza na vile vinavyokaa. Hata Uingereza, ile pudingi ya Krismasi desturi yao ni kuikoroga Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yaani mwezi mzima kabla ya kuila.

Na hapa kwetu tayari tunajua biashara ya msimu. Kumbuka zile kadi za kuwatakia watahiniwa heri ambazo hujaa kando ya barabara kabla ya mtihani wa KCSE. Anayeuza hizo kadi hangoji siku ya karatasi ya kwanza ndipo aende mjini kununua mzigo. Anajua siku mtihani unapoanza, kadi imekufa. Krismasi ina tarehe kama mtihani. Desemba 26 hakuna anayenunua kadi yako.

Kwenye kazi za mikono, mtaa wetu una walimu ambao tunawapita kila siku bila salamu. Kibera kuna mafundi wanaochukua mifupa ya ng'ombe, wanaichemsha, wanaikata, wanaing'arisha na kutoa herini, vijiko na bangili zinazovuka bahari. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani anayetaka herini hizo dukani kwake Desemba huagiza miezi kadhaa mapema, kwa sababu mzigo lazima usafiri. Kibera hiyo hiyo, akina mama Wanubi wana ustadi wao wa kufuma vyombo vya rangi. Na ni nyumba ngapi Riruta umeingia ukakosa vitambaa vya kroshia kwenye makochi? Mtu fulani alikaa jioni nyingi akivifuma. Seti moja ya kochi haiishi wikendi moja. Uliza shangazi yako, atakuambia.

Kwa hivyo kama una uzi na sindano, jioni zako za Novemba tayari zina kazi. Vipande vya kitambaa cha Ankara unavipata kwa mafundi cherehani, mara nyingi kwa bei ya chini au bure ukiomba kwa adabu. Hivyo vinatoa mikoba midogo, herini na hata mapambo ya mti. Toka Toi au Gikomba na mitumba ya sweta, ifumue, una uzi.

Sasa tuje kwa pesa, maana najua ndipo umekwama. "Sina mtaji, naishi kwa siku." Naelewa. Mimi niliacha chuo karo iliposhinda nyumbani, sikuja hapa kukuhubiria kama mtu aliye na akaunti tatu. Lakini angalia: shilingi 50 kwa siku kwa wiki sita ni shilingi 2,100. Mkiwa marafiki watano kwenye chama kidogo, ni shilingi 10,500. Unga, sukari na majarini vinanunuliwa kidogo kidogo, pakiti moja wiki hii, nyingine wiki ijayo, na havikudai riba. Mkopo wa simu wa Desemba 22 unadai. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya kuanza mapema kwa mtu asiye na kitu: muda unashika nafasi ya mtaji.

Jambo la pili la pesa ni oda. Usioke kisha utafute mteja. Weka picha ya keki uliyojaribu kwenye status, mwambie mtu achague, achague siku, kisha atume nusu ya bei kwa M-Pesa. Hiyo nusu ndiyo itanunua unga. Anayekataa kutuma nusu mwezi wa Novemba ndiye angekukimbia Desemba 24 ukiwa na keki mkononi.

Ukipiga bei, hesabu kila kitu. Makaa ni pesa. Karatasi ni pesa. Saa zako mbili mbele ya jiko ni pesa pia, hata kama binamu yako anasema "si unafanya tu hapo nyumbani". Unga wenyewe usiudharau: Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na vita vya Ukraine vilipoanza 2022 tuliona wote vile pakiti ilipaa. Ukiweka bei ya kumfurahisha jirani, utafunga mwaka umechoka na mfuko mtupu.

Kuna mambo mawili ambayo sitayaruka. La kwanza ni uhai wako. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja. Jiko la makaa likiwaka saa nyingi ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na inaua mtu akidhani ni usingizi tu. Oka nje, au kwenye baraza, au mlango na dirisha vikiwa wazi, na usilale jiko likiwa ndani hata kama kuna baridi.

La pili ni sheria. Anayeuza chakula anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya. Ukitaka biskuti zako zikae kwenye rafu ya duka, KEBS watataka alama ya ubora. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, kwa hivyo fungasha kwa karatasi ya kaki na uzi. Inapendeza zaidi, kwa kweli. Haya yote yanachukua siku na foleni, sababu nyingine ya kutoanza Desemba.

Kuna mtu atasema tumechoka kuambiwa kila kitu ni hasla, mpaka Krismasi. Hapo nakubaliana naye nusu. Serikali haiwezi kutuambia tuoke biskuti ndipo tupate ajira, na keki 20 za Desemba hazitalipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Wala si lazima uuze. Kama una mama ushago ambaye hujamwona tangu Pasaka, kitambaa ulichofuma mwenyewe na mkebe wa biskuti ulizooka kwenye jiko lako vinatosha. Vimegharimu kidogo kuliko zile glasi za kuchukua mbiombio stejini, na Januari hakuna anayekupigia simu kudai.

Ninachokataa ni ile tabia ya kungoja siku za mwisho kisha tulie kwamba msimu ni ghali. Maskini ndiye anayeumizwa zaidi na kuchelewa. Tajiri akichelewa anaongeza pesa kidogo tu. Sisi tukichelewa tunakopa.

Kwa hivyo ukishuka kwenye hiyo matatu, fanya mambo matatu wiki hii. Andika majina ya watu unaotaka kuwapa au kuwauzia. Chagua vitu viwili tu, kimoja cha mkono na kimoja cha jiko, usijaribu kumi. Kisha Jumamosi washa jiko, oka kimoja cha majaribio, umpe jirani asiyekuogopa aonje na akuambie ukweli. Akikunja uso, bado una Jumamosi kadhaa mbele yako.