Usiiache Baiskeli Ioze Ukutani

Hapa Mpanda mtu akijaaliwa kununua pikipiki, baiskeli huishia nyuma ya nyumba ikaliwa na kutu. Kutoka Makanyagio kwenda sokoni sasa ni pikipiki tu. Miaka michache baadaye baba huyo huyo nampima presha, kitambi mbele, anahema kwa kupanda kitanda cha kupimia. Kwa maoni yangu, tumeuza afya tukanunua starehe bila kupiga hesabu.

Katika miji mikubwa watu hulipa fedha kukanyaga baiskeli zisizokwenda popote, ndani ya ukumbi. Mwalimu huwaamuru: kaza, legeza, kaza tena. Kioo kidogo huonyesha nguvu ya miguu kwa wati, yaani uzito na kasi ya kukanyaga. Lakini faida haimo katika kioo, imo katika kukaza na kulegeza. Moyo ukihimizwa kisha ukapumzishwa, mara kwa mara, huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli hutumia sukari iliyomo katika damu.

Wewe huna kioo, una pumzi. Baada ya swala ya Alfajiri, kukishapambazuka, chagua njia isiyo na magari mengi. Endesha taratibu dakika 5. Kisha kanyaga kwa nguvu dakika 1, kiasi cha kushindwa kutamka sentensi nzima. Legeza dakika 2 mpaka uweze kuzungumza. Rudia mara 6, umalizie taratibu dakika 5. Jumla ni dakika 28. Fanya siku 3 kwa wiki, zisifuatane.

Na kina mama je? Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), basi mazoezi si ya wanaume peke yao. Anayetaka sitara akimbie papo hapo uani kwake, kwa mpango ule ule.

Tahadhari: mwenye presha, kisukari au maradhi ya moyo, na aliyepita miaka 40 bila mazoezi, akapimwe kwanza. Anayetumia insulini asifanye akiwa na njaa. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mara moja, uende hospitali.

Mwili ni amana, ndugu yangu. Leo jioni itoe baiskeli, ijaze upepo, utie mafuta mnyororo. Allah atuwafikishe.