Akili si Kipimo cha Utu

Kuna maneno yanayosemwa siku hizi bila haya, hata na watu waliotoka kupokea Komunyo dakika chache zilizopita: kwamba waliosoma wanazaa watoto wawili, wasiosoma wanazaa wanane, na kwa mwendo huo taifa litajaa watu wasio na akili. Msemaji hudhani amegundua jambo jipya, tena la kisayansi. Yatupasa kumjibu, kwa kuwa maneno hayo ni ya kale na matunda yake yanajulikana.

Mwingereza Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, ndiye aliyeyapa mawazo hayo jina la kitaalamu mwaka 1883. Alifundisha kwamba wanadamu waweza kuboreshwa jinsi mfugaji anavyoboresha ng'ombe wake: wenye vipaji wahimizwe kuzaa, wanyonge wazuiwe. Wasomi wengi wa zama zake walipendezwa na hoja hiyo, na huko Marekani ikageuka kuwa sheria.

Katika jimbo la Virginia aliishi msichana maskini, Carrie Buck, aliyelelewa katika nyumba isiyo ya wazazi wake. Alibakwa na ndugu wa walezi wake, akapata mimba, kisha akapelekwa katika kituo cha watu waliohesabiwa kuwa punguani, alikokuwa amefungiwa mama yake mzazi. Binti aliyemzaa alitazamwa akiwa na umri wa miezi michache tu, ikaamuliwa kwamba naye si mzima wa akili. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu Carrie afungwe kizazi. Jaji aliyeandika hukumu alisema kwamba vizazi vitatu vya watu wa namna hiyo vyatosha. Majaji wanane walikubali. Aliyekataa alikuwa mmoja, Pierce Butler, Mkatoliki, wala hakuandika sababu zake. Na yule mtoto aliyepimwa akingali ananyonya? Alikwenda shule, akaingia katika orodha ya wanafunzi bora, akafa kwa ugonjwa mwaka 1932 akiwa na miaka minane. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi kwa sheria za namna hiyo nchini Marekani.

Papa Pio wa Kumi na Moja aliyalaani matendo hayo mnamo Desemba 1930, katika barua yake juu ya ndoa ya Kikristo, akifundisha kwamba watawala hawana mamlaka juu ya viungo vya raia wasio na hatia. Ujerumani haikusikia. Sheria ya mwaka 1933 ilisababisha watu wapatao 400,000 kufungwa kizazi; kisha, tangu mwaka 1940, wagonjwa wa akili na walemavu wakaanza kuuawa kwa gesi, zaidi ya 70,000 katika muda usiofika miaka miwili. Askofu Clemens August von Galen wa Münster alipanda mimbarini tarehe 3 Agosti 1941 akayaita mauaji hayo kwa jina lake. Majuma matatu baadaye Hitler aliamuru mpango huo usimamishwe, ingawa kwa siri mauaji yaliendelea.

Tusidhani kwamba mambo hayo hayakutugusa. Mwaka huohuo wa 1933 walowezi na madaktari walianzisha mjini Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari za watu. Akili na ubongo wa Waafrika vilipimwa, ikatangazwa kwamba ubongo wetu ni duni. Basi Mwafrika anayemcheka jirani yake mwenye watoto wengi kwa kumwita mbegu mbovu ajue kwamba anatumia rula iliyowahi kumpima babu yake.

Wala si Wazungu pekee. Huko Singapore, mwaka 1983, Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alilalamika hadharani kwamba wanawake waliohitimu chuo kikuu wanazaa wachache na wasiosoma wanazaa wengi. Mwaka uliofuata watoto wa wahitimu walipewa upendeleo wa nafasi za shule, na akina mama wenye elimu ndogo wakaahidiwa dola 10,000 za nchi hiyo wakikubali kufungwa kizazi baada ya mtoto wa kwanza au wa pili. Wananchi walikasirika, na upendeleo wa shule ukafutwa mwaka 1985. Leo nchi hiyo inawasihi watu wake wazae: mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka chini ya mtoto mmoja kwa kila mwanamke.

Hata kwa sayansi yenyewe hoja hii inachechemea. Watafiti waliwapima watoto wa miaka saba huko Embu, Kenya, mwaka 1984, kisha wakapima wengine wa umri huo mwaka 1998. Alama zilikuwa zimepanda sana. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya watu. Kilichobadilika, kwa maoni ya watafiti hao, ni wazazi kujua kusoma, chakula na afya bora, na familia kuwa ndogo kidogo. Hilo la mwisho hatulifichi. Papa Paulo wa Sita aliandika mwaka 1967 kwamba uamuzi juu ya idadi ya watoto ni wa wazazi wenyewe, kwa dhamiri iliyoelimishwa, mbele ya Mungu. Lakini mama kupanga uzazi wake ni jambo moja. Kuambiwa kwamba watoto wake hawahitajiki duniani ni jambo jingine kabisa.

Na tuseme vipimo vingeonyesha kinyume. Je, jibu letu lingebadilika? Hapa ndipo penye kiini. Seminarini tulifundishwa kwamba mtu ni sura ya Mungu kwa kuwa anayo akili na utashi. Mwenye pupa atauliza: basi mwenye akili kidogo ni sura hafifu? La. Boethius alipomweleza mtu kuwa nafsi yenye maumbile ya akili, alitaja maumbile, si alama za mtihani. Asemaye kwamba ndege ni kiumbe kirukacho hajamfukuza katika jamii ya ndege yule aliyevunjika bawa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliulizwa kama waliozaliwa bila kutumia akili wabatizwe, akajibu kwamba wabatizwe katika imani ya Kanisa, kama watoto wachanga wanavyobatizwa.

Jibu hilo latudai kitu. Katika parokia zetu wapo watoto wenye mtindio wa ubongo wanaofichwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Wapo waliobatizwa, wakafikia miaka 15, 20, nao hawajapokea Komunyo hata siku moja, kwa kuwa katekista alisema hawataelewa. Katekista huyo hutaja sheria ya Kanisa inayodai mtoto awe na ufahamu wa kutosha, na kweli sheria hiyo ipo. Lakini Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliandika mwaka 2007 kwamba wenye ulemavu wa akili, wakiwa wamebatizwa na kupata Kipaimara, wapewe Komunyo kila inapowezekana. Wanaipokea katika imani ya familia yao au ya jumuiya inayowasindikiza.

Twaziomba halmashauri za walei zianzie hapo. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iulize, kwa upole na bila kuaibisha nyumba yoyote, ni mbatizwa gani aliyeachwa ndani, na jina lake limfikie paroko kabla mafundisho ya Komunyo ya kwanza hayajaanza. Asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani. Na wazazi wake wasiulizwe kama anajua kusoma.