Ule mustari wa CNSS

Ndugu musomaji, ukipokea kartasi ya mushahara, unatazama nini kwanza? Franga ya chini kabisa, si vile? Leo tupande juu kidogo, mpaka kwenye mustari wa CNSS. Wazee wangali wanasema INSS, lakini jina liligeuka mwaka 2018.

Kisha sheria ya Julai 2016, sehemu ya mutumikaji iliongezeka: zamani walikata 3,5 kwa mia, sasa ni 5. Patro naye anatoa 13 yake. Zote pamoja 18, na ni yeye anayezipeleka. Lakini kukata si kupeleka! Baba mumoja wa kwetu, wa kampuni ndogo inayotumikia migodi, alikatwa miaka sita. Siku alienda CNSS kuuliza, hata mwezi moja haukuandikwa.

Angekuwa ametupa zile kartasi, angesema nini? Mama, hata ukikosa kitu cha kuwashia mbabula, kartasi za mushahara usiziguse. Tena msingoje uzee. Pensioni inaanza kwa miaka 60, baba na mama sawa, na inaomba miezi 180 iliyolipwa.

Jambo la hospitali ni lingine. Wakikuambia kwamba ile 5 ndiyo inalipa daktari, kataa. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inamupa patro muzigo wa kutunza mutumikaji mugonjwa, pamoja na jamaa yake.

Na wewe kijana, unayeanza kazi mwezi huu: nimero yako ya CNSS iko wapi?