Matamshi Yaandamane na Sarufi

Nimefundisha Kiingereza katika madarasa ya chini kwa miaka mingi, na kosa ninalolijutia hadi leo nililitenda kwa kalamu nyekundu. Niliwasomea wanafunzi imla yenye sentensi 'They walked to the river'. Karibu nusu ya darasa waliandika 'walk'. Niliwakata alama, nikawakemea kwa kusahau wakati uliopita, kisha nikairudia ubaoni kanuni ya '-ed'. Kesho yake waliandika vilevile.

Ndipo msichana mmoja aliponiambia kwa unyenyekevu, "Mwalimu, wewe hukutamka 'ed'." Kumbe kanuni aliijua! Alichokosa ni sikio. Hakuna aliyemfunza kwamba mwisho huo husikika kama 't' katika 'walked', kama 'd' katika 'played', na kuwa silabi kamili katika 'wanted'. Nilikuwa nimemwadhibu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe sikumfundisha.

Wapo walimu wenzangu wanaoshikilia kwamba matamshi ni pambo la kuongezwa baada ya sarufi kukomaa. Siafikiani nao. Katika Kiswahili, shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Ndiyo maana barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa hutenganishwa na shadda tu. Mtoto huyabeba mazoea hayo hadi kwenye Kiingereza, ambako shadda huhamahama. Neno 'record' likitiwa shadda mwanzoni ni nomino. Likitiwa mwishoni ni kitenzi. Tutamfunzaje nomino na vitenzi huku tukimficha alama inayovitofautisha?

Je, twataka watoto wetu wazungumzie puani ili wafanane na wageni? La hasha! Lafudhi ya nyumbani si dhambi. Tutakalo ni mtoto aelewe na aeleweke.

Wengine watalalamikia wingi wa wanafunzi na uchache wa vipindi. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini kazi hii haihitaji mitambo. Kila kanuni mpya ifunzwapo, dakika tano za kutamka kwa pamoja na kupiga kofi penye shadda zatosha.

Mitihani nayo haijatusaidia. Katika KCSE, stadi za kuzungumza kwa Kiingereza hutahiniwa kwa maandishi, bila mtahiniwa kufumbua kinywa. Si ajabu basi kwamba somo hili huahirishwa hadi sekondari, wakati ulimi umekwisha kukakamaa. Wahenga walinena kwamba udongo uwahi uli maji.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, kabla hujaishika kalamu nyekundu, jiulize: mtoto huyu amesahau kanuni, au ni sauti ambayo hajafunzwa kuisikia?