Kondo Linapovimba Kimyakimya

Mama mjamzito wa Gisenyi akishikwa na uchungu katika mwezi wa saba, majirani hawakosi sababu. Watasema ni mzigo wa viazi aliouvusha mpakani kwenda Goma, au ugomvi wa nyumbani, au jicho baya. Mume aliye lindoni hupigiwa simu na kuambiwa kwamba mkewe amejitakia. Kumbe huenda mzigo hauna hatia, na maradhi yalikwisha anza siku nyingi ndani ya mfuko wa uzazi, pasipo maumivu wala homa.

Kondo la nyuma ndilo ghala la mtoto tumboni. Chakula na hewa yake vyote hupitia humo. Vijidudu vya ukeni huweza kupanda kupitia mlango wa mfuko wa uzazi hadi kwenye utando unaomzunguka mtoto na kwenye kondo lenyewe. Vijidudu vya malaria navyo hujificha kondoni kwa kupitia damu. Mwili wa mama hupeleka chembe nyeupe za damu, mfano wa askari waendao kumkabili adui, na kondo likavimba. Msiba ni kwamba vita hivyo hupiganwa chumbani mwa mtoto. Chembe hizo husababisha kutengenezwa kwa kemikali ziitwazo prostaglandini, zile zile ambazo mimba ikitimia hulainisha mlango wa uzazi na kuleta uchungu. Mfuko wa uzazi hupokea amri kabla ya saa yake. Kadiri uchungu unavyowahi, ndivyo inavyoelekea zaidi kuwa chanzo ni maambukizo.

Mtoto azaliwaye kabla ya wiki 37 huitwa njiti, na mwaka 2020 walizaliwa duniani kiasi cha milioni 13.4. Nchini Rwanda, uchunguzi wa wilaya ya Gasabo, mjini Kigali, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa mama wenye maambukizo ya njia za mkojo na uzazi, na wenye lishe dhaifu, walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Rubavu nayo ilikuwa miongoni mwa wilaya tano ambamo jaribio la kuwahudumia wajawazito kwa vikundi lilifanyika, katika vituo vya afya 36.

Basi mkojo upimwe mapema, hata kama mama hasikii kuchomwa. Uchafu wenye harufu usifichwe kwa haya. Mkunga amekwisha yaona mengi. Chupa ikipasuka kabla ya miezi kutimia, safari ya hospitali ni saa ile ile, uchungu uwepo usiwepo. Huko daktari aweza kutoa viuavijasumu, pamoja na sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Dawa za kununua dukani kwa kubahatisha hazifai: uchungu ulioanza mapema, ikiwa chupa ni nzima na hakuna dalili ya maambukizo, viuavijasumu havikuonekana kuuzuia.

Kondo likitoka na harufu mbaya au usaha, mkunga huliandika jambo hilo. Karatasi hiyo itunzwe, hata familia ikihamishiwa kambi nyingine, kwa kuwa mama aliyewahi kuzaa njiti huwa katika hatari zaidi ya kuzaa njiti tena, na mkunga wa huko hatakuwa na njia nyingine ya kulijua.